Unauza gari lililokimbizwa mashindanoni? Taja historia yake kabla ya bei

Ujumbe ulioingia kwenye simu ya kituo ulikuwa mfupi: "Mtangazaji, nina Subaru Impreza. Nimeifungia vitu vingi na nimekimbiza mashindano misimu miwili. Sasa nataka kuiuza ninunue pawatila. Dalali ananiambia nibandue stika, nipige rangi, nisiseme kitu. Nifanyeje?"

Aliyeuliza ni fundi wa gereji katika mji mdogo wa wilayani. Wasikilizaji wengi hawana gari la mashindano wala hawafikirii kuwa nalo, lakini swali lake linawagusa. Magari yanayokimbizwa kwenye mbio za Iringa, Morogoro au Arusha hayafii huko. Mwenyewe akichoka anauza, aliyenunua naye anauza, na baada ya mikono miwili au mitatu gari linamfikia mtu anayetaka tu kumpeleka mama yake hospitali na kurudi salama. Huyo wa tatu hajui lolote. Kama wa kwanza alinyamaza, wa tatu ndiye atakayelipa.

Makala haya yanaeleza namna ya kuliuza gari la aina hiyo ukapata bei nzuri, ukabaki na jina lako na ukalala usingizi. Kama wewe ni mnunuzi, yasome vilevile: kila tunachomwambia muuzaji aseme, wewe uliza.

Gari la michezo ni lipi, na kwa nini Subaru?

Gari la michezo ni gari lililotengenezwa kiwandani likiwa na injini yenye nguvu kuliko kawaida, breki kubwa na miguu migumu, ili likimbie na kukata kona vizuri. Kwetu wengi wakisikia neno hilo wanafikiria Subaru Impreza WRX na ndugu yake STI, au Mitsubishi Lancer Evolution. Kuna sababu.

Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Mwaka 1966 na 1967 mshindi alitoka Tanzania: Bert Shankland, akiwa na msaidizi wake Chris Rothwell, ndani ya Peugeot 404. Impreza ilitoka kiwandani mwaka 1992, na ikashinda Safari mwaka 1997 kwa mikono ya Colin McRae, na mwaka 2000 kwa Richard Burns. Vijana waliokuwa wakiyaona magari yale ya buluu yakitimua vumbi ndio leo wanaagiza yaliyotumika kutoka Japani.

Tatizo ni kwamba mengi hayabaki kama yalivyotoka kiwandani. Mwenye gari anafunga turbo kubwa zaidi, anabadilisha eksozi, anaingiza programu mpya kwenye kontroli boksi, anaweka springi fupi na shokapu ngumu. Wanaoingia mashindanoni wanaongeza viti vya mashindano, mikanda ya kufunga mabegani na kiunoni, na kizimba cha mabomba ya chuma ndani ya bodi. Hapo gari linakuwa chombo kingine kabisa, ingawa kadi yake bado inasema Subaru Impreza.

Mashindano yanalifanya nini gari?

Kilomita za kwenye dashibodi hazisemi ukweli wote. Gari linaweza kuwa limetembea kilomita chache kuliko teksi ya mjini, lakini kilomita hizo chache zilikuwa za kukanyaga mafuta mpaka mwisho, kufunga breki kwa nguvu na kuruka mashimo. Fikiria jembe: moja limelima udongo laini miaka mitano, jingine limelima mawe msimu mmoja. Usihesabu miaka, tazama makali.

Sehemu zinazoumia zaidi ni hizi.

Injini. Injini ya Impreza ina silinda nne zilizolala, mbili kulia na mbili kushoto. Kwenye kona ndefu ya kasi, oili iliyo kwenye bakuli chini ya injini inasukumwa upande mmoja, na pampu inaweza kuvuta hewa kwa muda mfupi. Muda huo mfupi unatosha kuharibu beringi za konrodi. Ndiyo maana mafundi wanasema injini "imenoki": inagonga kutoka ndani, na dawa yake ni kuishusha na kuifungua yote.

Joto. Turbo inaendeshwa na moshi wa moto unaotoka kwenye injini. Gari lililokimbizwa kwa muda mrefu limechemka mara nyingi kuliko mmiliki anavyokumbuka. Angalia gasketi za hedi, mipira ya maji, rejeta na mpira wa kupitisha hewa kutoka kwenye turbo.

Klachi, giaboksi na difu. Kila kuondoka kwa kasi kwenye mstari wa kuanzia ni pigo. Gia ya pili au ya tatu ikianza kulia au kukataa kuingia, mashindano yameshaacha alama yake.

Breki. Diski zinaota nyufa ndogo kwa joto. Oili ya breki inanyonya unyevu wa hewa, na ikichemka pedeli inazama mpaka chini. Kwa wanaoshuka Kitonga na abiria, jambo hili si la mzaha.

Bodi na miguu. Bushi zinachanika, mikono ya chini inapinda, na sehemu zilizochomelewa zinaweza kuanza kuachia. Gari lililowahi kupinduka na kunyooshwa linaweza kung'aa kwa rangi huku milango yake ikikataa kufunga sawasawa.

Hayo yote hayana maana kwamba gari la mashindano ni bovu. Wapo wanaokimbiza na kutunza kuliko sisi tunaoendesha kwenda sokoni: wanabadilisha oili baada ya kila shindano, wanafungua breki kila mwezi, wanaandika kila kitu kwenye daftari. Gari kama hilo linaweza kuwa na afya kuliko lile la "mama mmoja mwalimu" ambalo halijawahi kuguswa na spana. Daftari ndilo linaloyatofautisha.

Kwa nini ushauri wa dalali haulipi

Dalali anaangalia cha juu chake cha leo. Wewe utabaki mjini kesho. Kwa fundi wa gereji, mtu mmoja aliyedanganywa anatosha kuwafukuza wateja kumi.

Zaidi ya hapo, mashindano hayafichiki kwa rangi. Kizimba kikitolewa, mashimo ya bolti na alama za kuchomelea zinabaki sakafuni. Bolti za viti zinaonekana zimefunguliwa mara nyingi. Kontroli boksi iliyobadilishwa inasomeka kwa mashine. Picha za mashindano ziko kwenye simu za watu, na namba ya gari inaonekana wazi. Mnunuzi akigundua moja ulilomficha, hataamini hata yale ya kweli uliyomwambia.

Sheria nayo ipo. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mkataba ambao mtu aliukubali kwa sababu ya udanganyifu unaweza kubatilishwa na yule aliyedanganywa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo fulani ilingane na maelezo hayo. Ukiandika kwenye tangazo "halijawahi kuchezewa" na limechezewa, umejitengenezea kesi kwa mkono wako mwenyewe. Maneno "nimenunua kama lilivyo" kwenye mkataba yanamsaidia muuzaji aliyesema kweli. Yule aliyedanganya hayamsafishi.

Urudishe vya kiwandani au uache?

Hili ndilo swali la pili ambalo kila muuzaji hujiuliza. Jibu linategemea unamuuzia nani.

Mnunuzi wa kwanza ni mwanamichezo mwenzako. Yeye anataka kizimba, viti, shokapu ngumu na rimu nyepesi. Kwake vitu hivyo ni thamani, hasa vikiwa na risiti. Muuzie gari kama lilivyo.

Mnunuzi wa pili ni mtu wa barabarani. Kwake vitu vilevile ni mzigo, na vingine ni hatari. Kizimba cha chuma kinamlinda dereva aliyevaa kofia ngumu. Asiye na kofia anaweza kugonga kichwa kwenye bomba katika ajali ndogo tu. Usukani wa mashindano mara nyingi hauna mfuko wa hewa wa usalama. Breki pedi za mashindano zinahitaji kupata moto ndipo zishike. Asubuhi ya baridi, mtoto akikatiza barabara, haziwezi kushika kama za kawaida. Springi fupi zitaburuza tumbo la gari kwenye barabara zetu za vijijini kabla mvua hazijaanza.

Kwa hiyo, ukiamua kumuuzia mtu wa barabarani, rudisha kwanza vinavyogusa uhai: breki, mikanda ya kiti ya kawaida, viti, usukani wenye mfuko wa hewa, taa, na matairi ya barabarani. Eksozi yenye kelele irudishe pia, maana itamletea matatizo na trafiki. Rimu, shokapu na viti vya mashindano unaweza kuviuza pembeni. Mara nyingi vitu hivyo vikiuzwa kimoja kimoja kwa wanamichezo huleta pesa kuliko vikibaki ndani ya gari.

Tahadhari moja kubwa ipo kwenye injini. Programu ya kontroli boksi huandikwa kulingana na turbo, pampu ya mafuta na nozeli zilizofungwa. Ukitoa turbo kubwa ukarudisha ya kiwandani bila kurudisha programu, au ukafanya kinyume chake, injini inaweza kupata mafuta machache kuliko inavyohitaji. Mchanganyiko ukiwa na hewa nyingi na mafuta kidogo, joto linapanda na pistoni zinaweza kuyeyuka au kuvunjika. Vitu hivi vinakwenda pamoja: vyote vya kiwandani, au vyote vilivyobadilishwa vikiwa na programu yake.

Mafuta nayo ni sehemu ya hadithi. Magari haya ya soko la Japani yalipangwa kutumia petroli ya daraja la juu yenye okteni 100. Petroli ya vituo vyetu iko chini ya hapo, na ya kwenye madumu na chupa za barabarani ndiyo usiseme. Injini iliyosukumwa nguvu zaidi ikinyweshwa mafuta dhaifu, mafuta yanalipuka kabla ya wakati ndani ya silinda, na pistoni ndizo zinazopigwa. Mwambie mnunuzi waziwazi gari limepangwa kwa mafuta gani.

Pima kabla hujataja bei

Usingoje mnunuzi aje na fundi wake. Pima mwenyewe, andika majibu, uyaweke kwenye faili.

Kwanza, kipimo cha kompresheni ya silinda zote nne. Mnunuzi mwenye akili haangalii namba moja kubwa. Anaangalia kama silinda nne zinakaribiana. Moja ikiwa chini sana ya nyingine, kuna ugonjwa.

Pili, mwaga oili uiangalie kwenye mwanga. Ikimetameta kama ina vumbi la chuma, usiuze gari hilo kama zima.

Tatu, mkanda wa taimingi. Kwa injini za EJ za Subaru zinazotumia mkanda, kawaida ni kuubadilisha kila kilomita 100,000, na kwa gari lililokimbizwa mafundi wengi hawangoji kufika huko. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni. Kama hujui ulibadilishwa lini, ubadilishe, au sema hujui na upunguze bei.

Nne, washa gari asubuhi likiwa baridi kabisa, na umwite mnunuzi aje wakati huo. Muuzaji anayepasha gari moto kabla mgeni hajafika ana lake. Injini iliyoanza kunoki mara nyingi inajitaja asubuhi.

Tano, ukitangaza nguvu za gari, tangaza zilizopimwa. Kampuni za Japani zilikuwa na makubaliano ya kutotangaza zaidi ya nguvu za farasi 280 mpaka mwaka 2004. Kwa hiyo mtu anayesema gari lake la mwaka 1999 lina farasi 450 anazungumzia mabadiliko aliyofanya. Kama hakuna karatasi ya kipimo, andika ulichofunga, nguvu uziache.

Bei: pesa ya mapambo hairudi

Hapa ndipo wauzaji wengi wanaumia moyo. Tuseme ulinunua gari kwa shilingi milioni 15, ukafunga vitu vya milioni 8. Huu ni mfano wa hesabu tu, si bei ya soko. Kichwani mwako gari ni milioni 23. Sokoni sivyo. Mnunuzi wa barabarani hanunui turbo yako. Anaogopa turbo yako. Mwanamichezo anaitaka, lakini anajua imeshatumika.

Njia ya haki ni hii: tafuta bei ya gari la aina hiyo, mwaka huo, ambalo halijaguswa. Toa gharama ya kila kitu kinachohitaji kutengenezwa. Ongeza kiasi kwa vitu ambavyo mnunuzi wako hasa anavihitaji na vina risiti. Halafu ongeza kidogo kwa ajili ya daftari. Ndiyo, daftari lina bei. Mtu anayenunua gari lililotumika analipia gari na analipia wasiwasi. Ukimwondolea wasiwasi, sehemu ya pesa hiyo inakuja kwako.

Tangazo la kweli linaandikwaje?

Matangazo yetu tunayajua: "Namba D, injini safi, AC baridi, njoo na pesa yako." Kwa gari la michezo hayatoshi. Mfano wa tangazo linalofaa:

"Subaru Impreza STI, namba C. Limekimbizwa mashindano misimu miwili, halijapinduka. Bawa la kushoto mbele limebadilishwa baada ya kugonga mti mdogo, picha zipo. Shokapu na klachi vimebadilishwa, risiti zipo. Kontroli boksi imeingizwa programu ya eksozi kubwa. Vifaa vya kiwandani vipo na vinauzwa pamoja na gari. Kompresheni imepimwa mwezi huu, karatasi ipo. Gia ya tatu inalia kidogo ikiwa baridi. Kadi jina langu. Njoo asubuhi, injini ikiwa baridi, na fundi wako."

Tazama lile neno kuhusu gia ya tatu. Wengi wataogopa kuliandika. Lakini mnunuzi akikuta umetaja kasoro ndogo mwenyewe, anaamini uliposema gari halijapinduka. Tangazo kama hili linapunguza simu za wapita njia na kuwaleta wanunuzi. Picha nazo ziwe za kweli: chini ya gari, ndani ya boneti, sakafu ilipokuwa kizimba, na kasoro zenyewe.

Siku ya kujaribu gari na siku ya kulipwa

Mnunuzi wa gari la michezo atataka kulisikia likivuta. Mwelewe, lakini barabara ya umma si uwanja wa mbio. Kwenye makazi kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na tochi ya trafiki haijui kwamba mnafanya majaribio. Angalia leseni yake na hakikisha bima iko hai. Endesha wewe kwanza yeye akiwa abiria, kisha mbadilishane. Kumbuka kuwa bima za kawaida za magari hazilipi hasara inayotokea kwenye mbio, kwa hiyo majaribio yakigeuka mashindano mko peke yenu.

Malipo yapitie benki. Usiamini ujumbe wa simu unaosema pesa imeingia, wala picha ya risiti. Ingia kwenye akaunti yako uone salio, au mwende pamoja benki. Kabla ya hapo, ufunguo na kadi halisi vibaki mfukoni mwako. Na kadi halisi usimwachie dalali hata kwa saa moja.

Karatasi: hapa ndipo wengi wanateleza

Linganisha kadi na gari lenyewe. Kadi ina namba ya chasisi, namba ya injini na rangi. Magari ya mashindano hubadilishwa injini mara kwa mara. Kama injini iliyomo siyo iliyoandikwa kwenye kadi, au rangi imebadilika, nenda TRA urekebishe taarifa kabla ya kuuza. Mnunuzi akikuta namba hazilingani anaweza kudhani gari ni la wizi, na polisi pia.

Angalia faini za barabarani kwenye mfumo wa polisi wa mtandaoni kwa kuandika namba ya gari, na uzilipe. Kisha andikeni mkataba wa mauziano mbele ya wakili, kila upande ukiwa na shahidi. Ndani ya mkataba, pamoja na majina, namba na bei, wekeni aya moja inayosema: gari hili limetumika kwenye mashindano, mabadiliko yaliyofanywa ni haya, kasoro zinazojulikana ni hizi, mnunuzi ameelezwa na amekagua na fundi wake. Aya hiyo inamlinda mnunuzi, na inakulinda wewe zaidi.

Halafu msiachane hapo. Nendeni mkahamishe umiliki TRA, kila mmoja na namba yake ya mlipakodi na kitambulisho cha taifa, mlipe ada ya uhamisho na ushuru wa stempu. Usikubali maneno ya "nitabadilisha jina mwezi ujao." Jina lako likibaki kwenye kadi, faini zinakuja kwako. Gari likigonga mtu na dereva akakimbia, au likitumika kwenye uhalifu, polisi wanaanza na jina lililo kwenye kadi. Kwa gari lenye mbio kama hili, hatari hiyo si ya kufikirika.

Mkabidhi na maarifa yake

Ukishalipwa, bado deni moja limebaki: nusu saa ya maelezo. Mwambie injini inatumia oili gani na inakaguliwa kila baada ya muda gani, maana injini hizi hunywa oili na dereva mgeni hajui. Mwonyeshe programu ya kontroli boksi imepangwa kwa mafuta gani. Mpe daftari, risiti, vifaa vya kiwandani na namba ya fundi aliyekuwa akilitunza. Mwombe akiuza naye ampe anayefuata daftari hilohilo. Hivyo ndivyo habari itakavyomfikia yule mtu wa tatu tuliyeanza naye.

Sasa tumrudie msikilizaji wetu. Ndugu fundi, usipige rangi ya kuficha na usinyamaze. Chukua wiki moja upime injini, andika kila ulichofunga, toa kizimba kama unamuuzia mtu wa barabarani na useme kilikuwepo. Tafuta kwanza wanamichezo wenzako, hao ndio watakaolipia ulichokitengeneza. Inawezekana utauza baada ya mwezi badala ya wiki. Lakini pawatila utakayonunua itakuwa yako moja kwa moja, na hakuna atakayekuja gereji kwako na polisi akidai pesa yake.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Gari lenye historia iliyoandikwa liko upande wa kwanza, hata kama limekimbia sana.